Pampu ya Serge

Kila siku isipokuwa Jumapili, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Zéphyrin alishuka ngazi za orofa ya tatu akiwa na chupa ya maji ya lita mbili kwapani na kitambaa cha zamani begani. Lifti hakuitumia hata siku zile chache ilipokuwa inafanya kazi. Alifika kwenye Skoda yake ya kijivu, akaweka kiganja juu ya boneti kwanza, kisha akaifungua na kuitegemeza kwa chuma chake. Alishika kifuniko cha tangi la maji ya rejeta kwa kile kitambaa, akakizungusha taratibu, akachungulia ndani. Halafu akamimina maji. Siku nyingine ilikuwa nusu kikombe, siku nyingine kikombe kizima. Alipomaliza aliufuta mdomo wa tangi, akafuta na pembeni yake mpaka plastiki ikang'aa, akarudisha kifuniko na kukikaza kwa nguvu. Kabla ya kuifunga boneti alitamka neno moja, lile lile la jana na la juzi.

“Bado.”

Binti yake Miradie hakuweza kulisikia neno hilo kutoka dirisha la jikoni, lakini alilisoma midomoni mwake. Alikuwa na miaka ishirini na minne, ametoka chuo kikuu na sasa anafanya kazi katika maktaba ya mtaa, na saa hiyo ndiyo aliyokuwa akinywa chai yake kimya kimya kabla mama yake hajarudi kutoka zamu ya kutunza wazee. Kwa miezi kumi na minne alikuwa amemtazama baba yake akilinywesha gari. Maana ya lile “bado” aliijua, kama walivyoijua watu wote wa kanisa lao pale Tottenham. Maana yake ilikuwa kwamba pampu aliyowekewa na Serge bado inavuja.

Serge alikuja London miaka kumi na moja nyuma, kijana wa Uvira mwenye begi moja na namba ya simu iliyoandikwa juu ya kipande cha boksi la sigara. Namba ilikuwa ya Zéphyrin. Hawakuwa ndugu wa damu, ila mjomba wa Serge alikuwa utingo wa Zéphyrin zamani, alipokuwa akiendesha lori la mizigo baina ya Bukavu na Uvira, na hiyo ilitosha. Serge akalala kwenye sofa lao kwa miezi kumi na sita. Zéphyrin alimpeleka kwa mwanasheria, akakaa naye kwenye mabenchi ya ofisi za wahamiaji, akamnunulia koti lake la kwanza la baridi, la kijani, ambalo Miradie alilikumbuka kwa sababu lilikuwa kubwa mno na Serge alionekana ndani yake kama hema lililopata miguu. Serge akamwita Zéphyrin yaya, kaka mkubwa, na kwa watu wa kwao neno hilo si la kupambia salamu. Aliyekupokea hapingwi mbele za watu. Ukiwa na la kusema, unamngojea pembeni.

Karatasi zilipotoka Serge alisomea ufundi wa magari, akaoa Sidonie, akakodi nafasi ya gereji chini ya daraja la reli. Wateja wake wote, au karibu wote, walikuwa watu wa kanisa. Madereva wa teksi walimpelekea magari, wafagiaji wa ofisi waliokwenda kazini alfajiri walimpelekea, na hata mchungaji alimpelekea. Mwezi wa kwanza wa mwaka uliopita Zéphyrin naye akampelekea Skoda, akabadilishiwa pampu ya maji. Serge aliomba gari lilale kwake usiku mmoja alipime likiwa limepoa. Zéphyrin akakataa, akisema ana abiria wa uwanja wa ndege alfajiri.

Wiki mbili baadaye maji yakaanza kupungua.

Miradie alikuwapo Jumapili ile iliyoharibu mambo. Ibada ilikuwa imekwisha, watu wamesimama ukumbini na vikombe vyao, na mtu mmoja akamwuliza Zéphyrin habari za gari. Zéphyrin alikuwa msimamizi wa wahudumu wa kanisa, mtu ambaye akisema kitu huna haja ya kuuliza mara ya pili. Alijibu kwa sauti yake ya kawaida kwamba Serge amemwekea pampu na tangu hapo gari linakunywa maji kama ng'ombe wa Uvira. Watu wakacheka. Serge alikuwa hatua tano tu kutoka pale, ameshika sahani ya keki.

“Yaya,” alisema, “leta gari. Nitaipima mbele yako.”

“Uipime tena? Si ndiyo pampu uliyoipima?”

Watu wakacheka tena. Serge naye alitabasamu kidogo, akaitazama keki yake. Miradie alingoja aseme, hakusema. Jumapili iliyofuata mzaha ulikuwa umekwisha kuzunguka ukumbi mzima, na kila mwenye gari lililokohoa alikumbuka kwamba na yeye alipita kwa Serge. Wengine wakatafuta fundi kwingine bila hata kumwambia. Ilipofika mwezi wa tisa milango ya chini ya reli ilikuwa imefungwa, na Serge alikuwa amepata kazi ya usiku katika bohari moja karibu na Northampton, analala chumba kimoja na wanaume wengine wawili, anarudi kwa mkewe na watoto Jumapili moja kati ya mbili. Nyumbani kwa Zéphyrin jina lake halikutajwa tena. Halikukatazwa na mtu yeyote. Lilikauka tu.

Mwanzoni mwa mwezi wa tatu mwaka huu, Miradie alikutana na Sidonie katika duka la vyakula vya nyumbani, mbele ya friza la sombe, majani ya muhogo. Sidonie ndiye aliyekuwa akimsuka nywele alipokuwa msichana wa shule. Alikuwa amekonda. Alimwuliza Miradie habari za kazi, za mama, na akatuma salamu kwa papa, baba yake, pia, bila kukunja uso, jambo lililomchoma Miradie kuliko kama angenuna. Kisha akamwambia habari yenyewe. Kuna gereji Wembley, ya Mhindi mmoja aliyezaliwa Kenya, jina lake Dhiren, anatafuta fundi kamili wa kudumu. Serge alikwenda kuonana naye, wakazungumza vizuri, kwa Kiswahili. Ikipatikana kazi ile, Serge anarudi nyumbani.

“Tunangoja jibu tu,” Sidonie alisema. “Watoto wameanza kumwita baba wa Jumapili.”

Miradie alijibu kwa Kiingereza, kama alivyowajibu watu wazima wote tangu utotoni, kwamba atawaombea. Nyumbani hakusema kitu. Kusema kungemlazimu alitaje lile jina mezani, naye hakuwa mtu wa kuanzisha mazungumzo.

Siku ya Jumanne ya wiki iliyofuata, taa nyekundu iliwaka kwenye dashibodi Zéphyrin akiwa katikati ya barabara ya North Circular na mzee mmoja wa Harrow, masanduku mawili, na ndege isiyongoja mtu. Moshi ulitoka mbele kama sufuria iliyosahauliwa. Mzee akahamishiwa teksi nyingine akiwa amekasirika, akaandika malalamiko kabla hata hajapanda ndege, na kampuni yake ya teksi ikampigia Zéphyrin jioni ile ile. Asirudi barabarani bila karatasi ya gereji inayoonyesha tatizo lilikuwa nini na limetengenezwa.

“Nitaipeleka kwa Dhiren,” Zéphyrin alimwambia mkewe. “Wembley. Yule aliyenitengenezea zamani, kabla ya hawa wa kanisani.”

Miradie aliyekuwa akiosha vyombo aliufunga mfereji. Aliogopa jambo moja, naye aliliogopa waziwazi: kwamba baba yake atasimama katika gereji ile na kusema tena habari ya pampu, kwa sauti yake ya kawaida, na safari hii mbele ya mtu mwenye kazi mkononi. Kwa hiyo akasema Jumamosi hana zamu, atakwenda naye. Baba yake alimtazama, akafurahi. Hakuuliza kwa nini.

Gari lilipelekwa Ijumaa jioni, likalala huko, maana Dhiren hapimi gari likiwa na joto. Jumamosi asubuhi baba na binti wakapanda treni, wakabadilisha mara moja, wakashuka Wembley Park na kutembea. Njiani Zéphyrin alisimulia jinsi alivyofahamiana na Dhiren. Miradie alikuwa akipanga kichwani atakavyokatiza mazungumzo ikibidi, na kila njia aliyoipanga ilihitaji mtu mwenye ulimi mwepesi kuliko wake.

Dhiren alikuwa mfupi, wa miaka sitini na kitu, mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja juu ya kipara. Alizaliwa Kisumu, akaondoka na wazazi wake akiwa na miaka kumi na mitatu, na Kiswahili chake kilibaki na umri ule ule.

“Kuja ndani, bwana dereva. Kuja na mtoto. Bado unaongea ile Kiswahili yako ya kukunjakunja?”

“Yangu ni ya barabarani,” Zéphyrin alijibu. “Yako ni ya dukani. Unajua bei na chenji tu.”

“Na bado watu walinunua.”

Walishikana mikono wakicheka, na kwa muda Miradie alimwona baba yake jinsi alivyokuwa zamani. Kisha Dhiren akamwonyesha kwa kidevu mtu aliyeinama chini ya gari la pili, mwanaume wa miaka arobaini hivi, ovaroli yake mpya bado ina mikunjo ya dukani.

“Huyo Pritesh. Fundi wangu mpya. Ameanza Jumatatu.”

Pritesh aliinua spana kuwasalimia. Miradie alirudisha salamu. Nafasi imekwisha. Alijiambia kwamba labda gereji kubwa kama hii inachukua wawili. Ilikuwa na nafasi ya magari mawili tu.

Dhiren akaanza kazi. Alimwomba Zéphyrin afungue tangi mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayelijua, na Zéphyrin akakizungusha kifuniko kwa kitambaa chake kama kila siku, akakitoa, akabaki nacho mkononi. Pale kilipokuwa kifuniko Dhiren akafunga kifaa kidogo chenye geji na pampu ya mkono, akasukuma mara kadhaa mpaka mshale ukapanda. Alimweleza Miradie kwa subira, kama mwalimu aliyepata mwanafunzi anayesikiliza. Injini ikichemka, maji yanakuwa na msukumo. Sasa tumeuweka ule msukumo wakati injini imepoa, kwa hiyo palipo na tundu maji yatatoka, na joto halitayakausha kabla hatujayaona. Mshale ukishuka, kuna mahali panavuja. Tutapatafuta. Tuna chai.

Chai ilitoka kwenye chupa, ya tangawizi, iliyopikwa na mkewe Bhavna. Wakanywa wakiutazama mshale. Dakika kumi zikapita, ishirini zikapita. Mshale ulisimama pale pale kana kwamba umechorwa.

“Ajabu,” alisema Dhiren.

Akachukua tochi na kioo kidogo chenye mpini mrefu, akaipitia mipira yote ya rejeta, kipande kwa kipande, akiigusa kwa kidole na kukinusa. Mikavu. Akaingia chini ya gari. Huko alikaa muda mrefu, na aliporudi alikuwa na sura ya mtu aliyekuta kitu kizuri mahali asipokitarajia.

“Hii pampu nani aliweka?”

Zéphyrin alisema ni mtu mmoja tu wa kanisani.

“Huyo mtu anajua kazi. Amesafisha pale mahali pa gasketi mpaka chuma inang'aa. Kila boliti amekaza, halafu akaweka alama ya rangi nyeupe, ndiyo ajue hakuna aliyosahau. Wengi hawafanyi hivyo, hata mimi siku nikichoka.” Akafuta mikono. “Kavu kabisa. Hakuna hata ile unga nyeupe ya maji iliyokauka.”

Miradie alimtazama baba yake. Zéphyrin alikuwa akiitazama geji.

Dhiren akaendelea. Akavuta kijiti cha oili, oili ikawa safi, haijachanganyika na maji. Akalegeza kifaa chake, akaweka juu ya tangi kichupa chenye maji ya buluu, injini ikawashwa, na akaeleza kwamba gesi ya moto ikiingia kwenye maji, ile rangi itageuka manjano. Ikabaki buluu. Akazima injini, akaegemea ukuta na kuvua miwani ya machoni.

“Bwana, maji unaongeza kila siku?”

“Kila siku.”

“Na chini ya gari hakuna tone?”

“Hakuna.”

“Basi injini nzima nimepima na haivuji. Kitu kimoja tu sijapima, sababu nilitoa ndiyo nifunge geji yangu.” Akanyoosha mkono. “Lete kifuniko.”

Zéphyrin hakukitoa mara moja. Kilikuwa mkononi mwake, ndani ya kile kitambaa, na Miradie aliona vidole vya baba yake vikikaza badala ya kufunguka. Dhiren aliendelea kunyoosha mkono. Mwishowe kikatoka.

Dhiren akakigeuza. Upande wa ndani, mahali palipopaswa kuwa na pete nyembamba ya mpira, palikuwa na ukanda mweusi uliokatwa kwa mkasi, ukazungushwa mara moja na kukutanishwa ncha. Dhiren akauvuta kwa ukucha. Ulitoka kama ngozi ya kidonda kilichopona. Ulikuwa umeoza upande mmoja.

“Hii nini?”

“Tyubu ya baiskeli,” alisema Zéphyrin.

Kisha akaeleza, taratibu, akiwa anamwelezea zaidi Miradie kuliko Dhiren. Pete yenyewe ilikatika wakati fulani kabla ya pampu. Yeye akafanya kama walivyofanya njiani. Unashuka milima ya Ngomo na tani ishirini za saruji, kifuniko kimekwisha, duka la karibu ni mwendo wa siku mbili. Basi unakata tyubu, unazungusha, unafunga, unafika. Alifika hivyo miaka mingi. Lori zima lilifika.

“Lori ya zamani, ndiyo,” Dhiren alisema bila kumdhihaki. “Msukumo ulikuwa mdogo. Hii gari ya siku hizi, ikipata moto inasukuma sana. Ule mpira unaachia mvuke kidogo, unafunga, unaachia tena. Mvuke unatoka hapa juu, unapotea na upepo. Ungeona alama tu, utando kidogo hapa pembeni ya mdomo.” Akagusa plastiki ile iliyong'aa. “Lakini wewe unafuta kila siku.”

“Ninafuta,” alisema Zéphyrin.

“Na maji ni ya mfereji?”

“Ya mfereji.”

Dhiren akatikisa kichwa, akasema kwamba dawa yote ya rejeta imekwisha kuzimuliwa, na ni bahati baridi ya mwezi wa kwanza haikuigandisha injini.

Hapo Miradie akasema, kwa Kiingereza, akimwuliza Dhiren, na sauti yake ilikuwa ndogo: kwa hiyo pampu haikuwahi kuvuja?

“Pampu? Hapana, mwanangu. Hata tone.” Akageuka. “Huyu fundi ni nani, bwana? Ningependa kumjua.”

Gari la kubeba takataka lilipita nje, na walingoja lipite kana kwamba ndilo lililozuia jibu.

“Serge,” alisema Miradie.

Dhiren akaweka tochi juu ya meza ya kazi. “Serge? Yule Mkongo mrefu, wa Tottenham?” Alimtazama Zéphyrin kwa muda. Furaha yote ya asubuhi ilikuwa imemtoka usoni. “Si ndiye nilikupigia simu, wiki tatu zilizopita? Nikakuuliza, bwana, wewe ni Mkongo, ni mtu wa heshima, huyu mtu nimchukue?”

“Ulinipigia.”

“Ukaniambia usimpe hata gurudumu. Maneno yako hayo. Mimi nilimpenda, lakini nikasema, huyu dereva namjua miaka mingi, hawezi kunidanganya.”

Miradie hakujua habari ya simu ile. Alikuwa amekuja kuzuia neno lisisemwe, na neno lilikuwa limekwisha kusemwa wiki tatu nyuma, siku asiyoijua, pengine ndani ya gari baina ya abiria na abiria, pengine jikoni pale pale yeye akiwa kazini. Alihesabu bila kutaka. Aliposimama na Sidonie mbele ya friza, lilikuwa limekwisha kusemwa.

Zéphyrin akauliza kwa sauti ya chini kama hakuna nafasi ya fundi wa pili.

“Angalia mwenyewe,” alisema Dhiren, akaizungusha mikono kuonyesha gereji yake ndogo. Kule nyuma Pritesh alikuwa amekwisha kujitundikia kikombe chake chenye picha ya watoto kwenye msumari. “Nimempa mtu mkono. Ameacha kazi yake nyingine. Nimwambie nini huyo?”

Dhiren akafungua droo, akatoa kifuniko kipya kilichofungwa kwenye nailoni, akakiweka. Akatoa maji yote ya mfereji, akasafisha, akamimina dawa ya rangi ya waridi mpaka kwenye alama. Akapima tena kwa geji, safari hii na kifuniko pia, na mshale ukasimama. Karatasi ya kampuni aliiandika kwa Kiingereza, mwandiko mzuri wa shule ya zamani: tatizo lilikuwa kifuniko, pampu ni nzima. Hakutania tena. Alipowaaga alimshika Miradie bega, akamwambia amsalimie mama yake. Zéphyrin alipewa mkono tu.

Walirudi kwa njia ile ile ya North Circular. Mvua nyepesi ilikuwa ikinyunyiza kioo. Kipimo cha joto kwenye dashibodi kilipanda mpaka katikati na kutulia hapo, na Zéphyrin, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa amekitazama kila baada ya taa mbili za barabarani, hakukitazama hata mara moja. Aliendesha polepole, upande wa kushoto, magari yakimpita.

Baada ya muda alianza kusema. Jumapili, alisema, ataomba nafasi baada ya matangazo, asimame mbele ya watu na kueleza. Leo jioni atakwenda kwa Sidonie. Au atamwomba mama yake Miradie atangulie, wanawake wanajua kufungua mambo kama haya. Pengine ampigie Serge kwanza. Lakini Serge huwa amelala saa hizi, hufanya kazi usiku. Alizungumza hivyo kwa kilomita mbili au tatu, akipanga na kupangua, na Miradie alisikia kwamba hakuna hata mpango mmoja uliokuwa na kazi ya Wembley ndani yake. Kusimama Jumapili kungemrudishia Serge jina. Kusingefungua milango chini ya reli, ambako sasa palikuwa na duka la kahawa, na kusingemtoa Pritesh kwenye ovaroli yake.

Alifikiria pia ukimya wake mwenyewe. Miezi kumi na minne ya kunywa chai dirishani. Alikuwa ameliona lile tabasamu la Serge juu ya sahani ya keki, akaona kwamba mtu anameza neno, na hakuwahi kwenda kumwuliza neno gani. Alisoma vitabu vingi juu ya watu walionyamaza wakati wa kusema. Vyote alivirudisha rafuni kwa tarehe iliyopangwa.

Wakafika kwenye foleni. Mbele yao basi jekundu lilikuwa limesimama, na pembeni mwa barabara palikuwa na duka la vipuri vya magari, la kawaida, kama lile lililo mtaani kwao, mita mia tatu kutoka nyumbani, ambalo baba yake alipita mbele yake kila siku aliyokwenda na kurudi. Dirishani walikuwa wametundika vifuniko vya kila aina, kwenye kadi, kama vifungo vya mashati. Miradie aliviangalia. Kisha akakumbuka vidole vya baba yake vilivyokaza juu ya kitambaa pale gereji, kabla Dhiren hajakigeuza kile kifuniko, kabla mtu yeyote hajasema lolote.

Alilipanga swali kichwani, akalipanga kwa Kiswahili, neno baada ya neno, kwa sababu hakutaka baba yake apate nafasi ya kujifanya hakusikia vizuri. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alimwuliza kitu kwa lugha hiyo.

“Papa. Dhiren alipokupigia simu, ulikuwa unajua tayari kwamba si pampu, ni kile kifuniko?”

Zéphyrin hakugeuka. Basi la mbele lilisogea, na naye akasogea nalo hatua chache, akasimama tena na kuvuta breki ya mkono.

“Nilijua,” alisema. “Serge aliniambia habari ya kifuniko siku ile ile ya pampu.”